Hazina ipande pamoja na matumizi yake

Kosa lililonifundisha kupima hazina nililifanya mwenyewe, kwenye baraza la nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, mwaka wa kwanza nilipoanza kuongoza mchezo wa Dungeons & Dragons kwa marafiki wanne: mchezo wa kusimulia ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake, mwongozaji hutunga dunia na maadui, na dadu huamua matokeo. Nilikuwa nimetunga pango lililofanana na yale ya Amboni, lenye popo na njia nyembamba ambazo mtu hupita kwa kuinama, na katika chumba cha mwisho nikaweka sanduku. Wahusika walikuwa ngazi ya 2, yaani bado wachanga. Kwa kutaka kuwafurahisha wenzangu, nilirusha dadu kwa jedwali la hazina za maadui wa kiwango cha 5 hadi 10 (kiwango ni kipimo cha ukali wa adui), na kundi likatoka pangoni na zaidi ya sarafu 3,000 za dhahabu.

Kikao kilichofuata, mpiganaji wetu alinunua deraya ya bamba kwa sarafu 1,500. Awali alikuwa na deraya ya minyororo, yenye bei ya sarafu 75, na pamoja na ngao kinga yake, yaani namba ya ugumu wa kumpiga, ilikuwa 18; gobilini wa kawaida, adui mdogo wa mchezo huu, alimpata kila dadu ya pande 20 ilipoangukia 14 au zaidi. Kwa deraya mpya alihitaji 16. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini wengine nao walijaza mikoba dawa za kuponya, ambazo chupa moja ni sarafu 50, na kwa vikao vitatu hakuna aliyeogopa chochote. Lililoniuma zaidi ni pale walipofungua sanduku jingine lenye sarafu 80, kiasi kinachowafaa kabisa, mmoja wao akaniuliza, "Kaka, hizi ndizo za nauli?"

Nilirudi kwenye kitabu cha mwongozo wa mchezo, toleo la mwaka 2014, nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga mapema. Ukigeuza shaba, fedha na platini kuwa dhahabu, bila kuhesabu vito wala vitu vya kichawi, hazina moja ya kiwango cha 0 hadi 4 ina wastani wa sarafu 196. Ya kiwango cha 5 hadi 10 ni 3,857, ya 11 hadi 16 ni 31,500, na ya 17 kuendelea ni 322,000. Hiyo si ngazi ya kupanda hatua kwa hatua. Ni kama ngazi ya mnazi iliyokatwa vidato vya katikati, kwa kuwa kidato cha kwanza peke yake kinakurusha karibu mara 20. Siku hizi navijaza vidato hivyo mwenyewe: kundi likiwa ngazi ya 5 natoa takribani sarafu 600 kwa hazina moja, ya 6 natoa 1,000, ya 7 natoa 1,800, na ya 8 ndipo nafika 3,000.

Hata hivyo namba peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapotofautiana na waongozaji wengi. Toleo la mchezo huu la mwaka 2000 lilikuwa na jedwali la mali ya kila mhusika, likianza na sarafu 900 kwa ngazi ya 2, kisha 9,000 kwa ngazi ya 5, 49,000 kwa ngazi ya 10 na 760,000 kwa ngazi ya 20. Jedwali lile lilikuwa na maana kwa sababu vitu vya kichawi vilikuwa na bei, na mchezo ulitarajia wachezaji wavinunue. Katika toleo la 2014 vitu hivyo havikuwekwa sokoni kwa kawaida, hivyo baada ya deraya ya bamba dhahabu hukosa kazi. Kabla ya kuongeza hazina, jiulize kundi litainunulia nini katika ngazi hiyo. Ukikosa jibu, tunga kwanza kitu cha kununua.

Wenzangu ni watu wa Tanga, kwa hiyo jibu halikuwa gumu: walitaka chombo cha baharini. Mashua ya makasia ni sarafu 50, na meli ya matanga ni 10,000. Kuanzia ngazi ya 5 nikawaonyesha meli hiyo ikiwa imetia nanga bandarini, mwenye mali akiwa hapunguzi bei hata kidogo, na kila hazina waliyoipata ikapimwa kwa umbali uliobaki kuifikia. Tulihesabu kwa komwe za bao, komwe moja ikiwa sarafu 100, na kikapu kikawekwa katikati ya mkeka ili kila mtu akione.

Uzito nao husaidia, ingawa wengi huupuuza. Sarafu 50 ni ratili moja, kwa hiyo sarafu 7,000 za fedha, ambazo ni wastani wa kawaida katika hazina ya kiwango cha 5 hadi 10, ni zaidi ya kilo 60. Atakayezibeba ni nani, na joka likiamka je?

Meli waliinunua wakiwa ngazi ya 9. Inahitaji mabaharia 20, na kibarua mwenye ujuzi hulipwa sarafu 2 kwa siku, hivyo mishahara ni 1,200 kwa mwezi. Mara ya mwisho waliporudi na hazina kubwa, mpiganaji yule yule wa deraya ya bamba ndiye aliyevuta kikapu, akatenga komwe 12 za mabaharia kabla hajamruhusu mwingine kugusa chochote.