Usilipe gunia la koni za paini kabla hujaona mbegu

Mkuu, kama hela hujatuma, tulia hapo hapo. Umeuliza ukiletewa magunia ya koni za paini kutoka Mafinga uzifukie nzima au uzivunje, viriba vya kuoteshea viwe vya ukubwa gani, na kama Mkuranga zitakubali. Mimi nilianza na swali hilo hilo, nikaishia na magunia manne ya kuni.

Koni haioti, hata uifukie na samadi ya zizi zima. Hiyo unayoijua, ngumu yenye magamba, ni jike. Dume ni vile vidogo laini vinavyomwaga vumbi la njano, ndiyo chavua, na upepo unaibeba bila msaada wa nyuki. Ikishamfikia jike, paini haina haraka: karibu mwaka unapita ndipo mbegu itungwe, na koni kukomaa ni kama miaka miwili. Juu ya kila gamba zinakaa mbegu mbili, ndogo kuliko punje ya mchele, kila moja na kibawa chake. Magamba yakikauka yanaachana, mbegu zinapeperuka. Sasa koni iliyofunguka ikaanguka chini imebaki na nini? Hewa.

Hapo ndipo nilipopigwa. Jamaa mmoja wa WhatsApp, anajiita bwana miti (miti gani sijui, labda ya kibiriti), alinitumia picha za koni zimefumba safi kabisa. Kumbe zimeokotwa chini, zimenyeshewa. Koni tupu ikiloa inafumba tena! Nikalipa 240,000, lori mbali. Zilipofika Mbezi, jua la siku mbili zikaanza kufunguka zikialika, ta, ta, ta. Nikamwita mke wangu aje aone zinavyokomaa. Nikafukia viriba 600, nikanunua maji ya boza miezi mitatu. Nikimpigia yule tapeli: "Vumilia kaka, paini ni taratibu." Taratibu wapi! Mbegu nzima inachipua ndani ya wiki mbili tatu.

Aliyeniamsha ni dada wa kazi, mtu wa Makete. Alichomoa moja kwenye kiriba, akaigonga kiganjani, ukatoka mchanga mtupu. "Baba, hizi si ndizo kwetu tunawashia moto?"

Kwa hiyo: koni ichumwe mtini, ya kahawia, ngumu, imefumba. Hizo za patula, aina mojawapo ya paini, zinaweza kukaa miaka zimefumba mtini mpaka zipate joto, usiogope. Chukua kumi bila kuchagua, anika mpaka zifunguke, gongea kwenye gazeti. Usipoona punje zenye vibawa, geuza gari. Au achana na koni, nunua mbegu TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) zikiwa zimeshachambuliwa.

Na asitokee mtu akakutuma uokote vile vikoni vya ufukweni. Ile ni mivinje, inatoa maua, hata ukoo na paini haina.

Kama bado unazitaka koni, kwangu limebaki gunia moja. Jiko la mkaa linawaka vizuri sana.