Mifupa ya mama na chenji inayochelewa

Dada, umeuliza kama mifupa ya mama kuwa hafifu ndiyo inamchelewesha kuhesabu chenji pale soko la Kibuye, Kisumu. Si moja kwa moja. Kwa wazee mambo haya mawili huandamana, lakini umri, kukoma hedhi, kukaa kitako siku nzima na upungufu wa vitamini D hugusa yote mawili. Mfupa hutoa homoni iitwayo osteokalsini. Kwa panya imeonekana ikifika ubongoni na kusaidia kumbukumbu. Kwa binadamu bado haijathibitishwa, kwa hivyo usiuziwe vidonge vya "akili".

Kalsiamu anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku. Omena (dagaa) waliwe wazima, na vichwa vyao. Sukuma wiki ni bora kuliko spinachi, maana oksaleti, kemikali iliyo nyingi kwenye spinachi, huishika kalsiamu isiingie mwilini. Akipewa vidonge vya kalsiamu kaboneti, ameze pamoja na chakula, isizidi miligramu 500 kwa mara moja.

Akili ikipungua kasi ndani ya wiki chache tu, achana na mifupa kwanza: apimwe thairoidi (tezi ya shingoni), vitamini B12 na sukari ya damu. Kagueni pia dawa za usingizi na za mzio. Hizo huchelewesha mawazo na humwangusha mtu usiku akienda choo.