Kuhusu redio ya VHF kwenye boti, leseni na kozi yake (jibu refu kidogo)

Mkuu mleta mada, umesema umenunua boti ya faiba futi 23 ya kupeleka wageni visiwa vya Mbudya na Bongoyo, fundi kakwambia pitia Kariakoo chukua redio koli yoyote akuwekee chaneli 16 yaishe, halafu jamaa mwingine kakutisha kwamba lazima usomee GMDSS yote, ule mfumo wa dunia wa mawasiliano ya dharura baharini, kama ofisa wa meli. Wote wawili wamekupoteza. Mimi naendesha boti upande huu wa Msasani mwaka wa tisa sasa, acha nikupe nilivyopita mimi mwenyewe.

Tuanze na hiyo ya Kariakoo. Zile ni redio za walinzi na watu wa saiti, za nchi kavu. Redio ya baharini, hiyo VHF, ina chaneli zake zilizopangwa dunia nzima, 16 ni 156.8 MHz ukiwa hapa, ukiwa Mombasa, ukiwa Rotterdam, ni ileile. Fundi kweli anaweza kuiingizia redio ya nchi kavu hayo masafa kwa kompyuta na ikaongea, ila haijaidhinishwa kwa kazi hiyo, haina DSC nitakayoieleza chini, na ikimwagikiwa maji ya chumvi mara moja umeipoteza. Ukinunua ya baharini ya mkononi angalia imeandikwa IPX7, maana yake inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, na zipo zinazoelea zenyewe, chukua hizo, mkono wenye maji unateleza sana.

Leseni sasa. Hapa ndo watu wengi wanachanganya kwa sababu kuna ya chombo na kuna ya mtu, kama vile kadi ya gari na leseni ya udereva. Ya chombo ni leseni ya kituo cha redio, masafa yote nchi hii yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa hiyo unaanzia huko, na usajili wa boti yenyewe ni TASAC, wakala wa meli, kama uko bara au ZMA, mamlaka ya bahari, kama uko Zanzibar, uwe nao mkononi kwanza. Leseni ya redio ndo inakupa ishara ya mwito (call sign), za Tanzania zinaanza na 5H au 5I, na namba ya MMSI, hiyo ina tarakimu tisa na zetu zinaanza na 674 au 677. Usije ukabuni MMSI wala kuazima ya boti ya rafiki yako, maana hiyo namba ndo inamwambia mwokoaji anatafuta chombo gani, na redio nyingi zinakubali uingize mara moja au mbili tu, ukikosea unairudisha kwa muuzaji.

Ya mtu ni cheti cha mwendeshaji redio. Hicho cha GMDSS ulichotishiwa, GOC, ni cha maofisa wa meli kubwa, zile za tani 300 kwenda juu na za abiria zinazosafiri nje ya nchi, wanaotumia mpaka satelaiti na masafa marefu. Boti yako haiko huko. Kwa boti ndogo wenzetu wa Ulaya wana cheti kinaitwa SRC, cha VHF na DSC tu, Uingereza kozi yake inaisha siku moja na mtihani juu. Hapa Dar nenda DMI, chuo cha bahari, pale Sokoine Drive uwaambie kabisa una boti ya aina gani na unaenda umbali gani, wasikupangie kozi isiyo yako. Na uende mwenyewe, usitume mtu akuulizie.

Sasa kwa nini nasema kozi, wakati nilikaa karibu miaka miwili na redio bila kusoma chochote. Mwezi wa saba, kusi limeshika vizuri, natoka Mbudya na watu kumi na mmoja, watoto watatu humo, injini ikazima katikati na haikuwaka tena, mawimbi yanatupiga ubavuni na upepo unatusukuma kaskazini kule kwenye miamba. Nanga nikatupa haikushika. Nikachukua redio nikaweka 16 nikaanza, tusaidieni jamani tumezimikiwa, tuko baharini hapa karibu na Mbudya, tusaidieni. Nikarudia na kurudia. Kimya kabisa. Abiria wananiangalia usoni, mama mmoja kamkumbatia mtoto wake na laifujaketi hajaifunga vizuri, na mimi nawaambia hakuna anayesikia.

Kumbe wanasikia. Kulikuwa na meli imetia nanga nje inasubiri kuingia bandarini, ilikuwa inanijibu tangu mwanzo, na boti nyingine ya wavuvi wa kamba ilikuwa inanijibu kwa Kiswahili kabisa. Ila mimi kidole gumba nilikuwa nimekibana kwenye kile kitufe cha pembeni muda wote, kwa hofu, mpaka kucha imekuwa nyeupe. VHF ya boti ukibonya unasema, ukiachia unasikia, haifanyi vyote kwa pamoja kama simu. Kwa hiyo sikusikia chochote, na zaidi ya hapo nilikuwa nimewazibia chaneli wengine wote wa karibu. Wale wavuvi ndo walitufikia, walituona kwa macho tu, wakatuvuta mpaka Kunduchi. Nahodha wao mzee mmoja aliponishika mkono kunishusha aliniambia, mwanangu ulikuwa unaongea vizuri, sema hukutupa nafasi na sisi tukuulize uko wapi.

Wiki ileile nikaenda kutafuta kozi.

Kozini mwalimu hakuanza na masafa wala sheria. Alitukalisha wawili wawili tumepeana migongo, kila mmoja na redio ya mazoezi, akampa mmoja karatasi yenye ajali na mwingine kazi yake kuandika anachosikia. Halafu anachukua ile karatasi ya msikilizaji anaisomea darasa. Hapo unaona mtu kaongea dakika mbili nzima na mwenzake kaandika neno moja, injini. Tulirudia mpaka jioni. Mpangilio ni huu na uusome mpaka uutaje usingizini: Mayday (neno la dharura ya hatari ya kufa) mara tatu, hapa ni boti fulani, jina mara tatu, ishara ya mwito na MMSI. Kisha Mayday tena mara moja na jina na MMSI. Halafu ulipo, kwa namba za GPS tarakimu moja moja, sita nukta sijui ngapi kusini, thelathini na tisa nukta ngapi mashariki, au umbali na upande kutoka sehemu inayojulikana, "karibu na Mbudya" haitoshi. Halafu una tatizo gani, unataka msaada gani, watu wangapi ndani, chochote cha ziada, over (yaani nimemaliza, nakusikiliza). UNAACHIA KITUFE. Na kama tatizo halijawa la kufa, mfano umezimikiwa lakini nanga imeshika na bahari imetulia, hiyo sio Mayday, ni Pan-Pan, mara tatu pia.

Ukiweza chukua ya kufunga kwenye boti yenye DSC badala ya kutegemea ya mkononi peke yake. Ya kufunga inatoa wati 25, ya mkononi nyingi ni tano au sita, lakini kikubwa zaidi ni antena. VHF inasafiri kwa mstari wa macho, redio mbili za mkononi karibu na maji zinasikilizana maili tano hivi za baharini, antena ikipanda juu na umbali unapanda. DSC ni kile kitufe chekundu chenye kifuniko, unainua unabana mpaka imalize kuhesabu, inarusha MMSI yako kwa chaneli 70, na kama umeiunganisha na GPS inarusha na ulipo, kisha unahamia 16 kwa mdomo. Nimeona boti tatu nne hapa zimefungwa redio nzuri tu halafu ule waya wa GPS umening'inia hauendi popote, inauma sana kuona hivyo. Ukibonya kwa bahati mbaya usizime ukajificha, ingia 16 ukatangaze kwamba tahadhari ilikuwa ya makosa, hakuna anayekukamata kwa hilo, ila ukinyamaza watu wanatoka kukutafuta.

Kuna wanaosema simu inatosha maana mtandao upo mpaka Bongoyo. Simu unampigia mtu mmoja, tena awe na chaji na apokee. Redio wanakusikia wote walio karibu, na aliye karibu ndo anakufikia.

Na jamani 16 sio ya stori. Unamwita mwenzako hapo mnahamia 6 au 72 au 77 mnaongea huko. Jumapili jioni unakuta watu wanajadili Simba na Yanga kwenye 16, inanitoa machozi kweli, kuna siku mtu atakuwa anaita na hatapata nafasi.

Swali lako la mwisho, kama msaidizi wako naye asome. Ukipata hela ndiyo. Wewe ukianguka baharini nani ataita? Kwenye dharura ya kweli mtu yeyote anaruhusiwa kuita hata hana cheti, sasa awe anajua aite vipi. Mimi kwenye boti nimebandika kadi ya plastiki pembeni ya redio, maneno yote nimeandika kwa maka peni, jina la boti na MMSI, kumeachwa nafasi ya ulipo na idadi ya watu. Kijana wangu ana miaka kumi na tisa, kila Jumamosi kabla wageni hawajaja namsomesha ile kadi redio ikiwa imezimwa, nampa ajali nyingine, moto, mtu kaanguka, boti inaingia maji. Ulipo anataja vizuri sasa. Idadi ya watu bado anairuka, kwa hiyo Jumamosi hii tunaanzia hapo.