Nyuzi zimetoka, Krismasi imefika: je, naweza kupika?

SWALI: Shikamoo sista. Nina miaka 46, naishi Rau hapa Moshi. Tarehe 11 Desemba nilifanyiwa operesheni ya kutoa kizazi, kwa sababu ya uvimbe ulionitoa damu nyingi kwa miaka mitatu. Nimekatwa kuanzia chini ya kitovu kushuka. Jana nyuzi zimetolewa, kidonda kimekauka na kimepona vizuri. Kila mwaka tunapanda Kibosho kwa mama mkwe, ila safari hii mume wangu amesema tubaki nyumbani kimya kimya, sisi na watoto wetu watatu. Mama mkwe naye kasema basi atashuka yeye. Atanikanda kwa maji ya moto, atanifunga mkaja tumboni, na mbege analeta. Mimi najisikia nina nguvu. Naweza kupika siku hiyo moja tu? Na haya mambo ya kukandwa na mbege yakoje?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Mume wako kaamua vizuri, mpe hongera zangu. Barua yako imenifikia siku ya kumi tangu operesheni, kwa hiyo Krismasi itakukuta siku ya kumi na nne. Hesabu hiyo ishike, maana majibu yangu karibu yote yanatokana nayo.

Neno lililonishtua katika barua yako ni "kimepona". Ulichokiona kimepona ni ngozi. Daktari alipokukata alipita ngozi, akapita mafuta, akafika kwenye utando mweupe, mgumu kama turubai, unaounganisha misuli ya tumbo ya kulia na ya kushoto. Utando huo ndio unaouzuia utumbo usichomoze nje. Alipomaliza kazi aliushona kwa uzi wake, wenye nguvu, unaobaki ndani, kisha ngozi akaishona kwa uzi mwingine. Jana umetolewa uzi wa ngozi peke yake.

Ngozi hufunga haraka kwa sababu inapata damu nyingi. Ule utando una damu kidogo, kwa hiyo unaunga taratibu. Wiki mbili za kwanza unashikiliwa na uzi karibu peke yake. Ikifika wiki ya sita unakuwa umerudisha kama nusu ya nguvu zake, na hata miezi mingi baadaye huishia kwenye asilimia 80 hivi, haurudi kuwa kama alivyouumba Mungu. Ndiyo maana tunawaambia wiki sita bila kubeba kitu kizito, na kina mama wanadhani tunawaonea. Wewe uliyekatwa wima unahitaji kuwa mwangalifu zaidi ya aliyekatwa kwa mlalo chini kwenye mstari wa chupi.

Nikupe mfano wa mama mmoja niliyempokea wodini usiku, siku chache baada ya sikukuu. Alikuwa siku ya tisa tangu operesheni. Aliinua sufuria ya pilau kutoka jikoni kuipeleka mezani, hatua nne tu, na hakusikia maumivu yoyote. Jioni akaona kanga imelowa. Si damu, si usaha. Majimaji mepesi ya rangi ya pinki, kama maji uliyooshea nyama. Alipofunua, mshono wa ngozi ulikuwa mzuri kabisa, akabadilisha kanga akarudi kwa wageni. Ikalowa tena. Ule utando wa ndani ulikuwa umeachia, na usiku ule ule akarudishwa chumba cha upasuaji.

Majimaji ya namna hiyo yakitoka ghafla na kwa wingi, hata kama huumwi, ni dharura. Lala chali, kunja magoti, usile wala kunywa chochote, upelekwe kwa gari hospitalini saa hiyo hiyo. Bodaboda hapana, na zile barabara zetu za ndani unazijua. Ngozi nayo ikifunguka ukaona utumbo, usiurudishe kwa mkono. Funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi mkimbie.

Sasa jikoni. Kupika kwa maana ya kusimama saa tano, kusonga ugali na kuipua masufuria, hapana. Kukaa kwenye kiti chenye mgongo umenye ndizi, uonje chumvi na kuwatuma watoto, ruksa. Mwisho wa kubeba kwako ni kilo nne, tano: birika la chai sawa, kidumu cha lita tano ndio mpaka, ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na usiisogeze hata kwa mguu. Kama mnapikia kuni au mkaa, kaa mbali na moshi (wa jikoni, mji hauna kosa), kwa sababu moshi huleta kikohozi, na kikohozi kinalisukuma tumbo kwa nguvu kuliko unavyodhani. Kikikubana, au chafya, chukua mto mdogo uukumbatie kwa mikono miwili juu ya kidonda ndipo ukohoe. Kuamka kitandani vilevile: geukia ubavu, shusha miguu, jiinue kwa mkono. Usinyanyuke moja kwa moja kama unaitwa na polisi.

Kuhusu kukandwa, mama mkwe anakupenda, na ninaijua hiyo mikono ya Kibosho. Lakini fikiri pamoja nami. Bibi zetu walimkanda mzazi ili kizazi kirudi mahali pake na damu iliyobaki itoke. Wewe kizazi hakipo. Kinachokandwa ni nini? Halafu kuna jambo ambalo watu hawalijui: pembeni ya kidonda chako ukigusa unaweza kukuta ganzi. Mishipa midogo ya fahamu ilikatwa, na ganzi hiyo inaweza kukaa miezi. Akiweka taulo la maji ya moto hapo ngozi itaungua na wewe hutasikia. Nimeona malengelenge ya aina hiyo juu ya mshono uliokuwa safi, na kidonda kikaanza upya. Oga maji ya uvuguvugu kwa sabuni ya kawaida, kausha kwa kugusagusa na taulo safi, basi. Usipake asali, majani, wala spiriti.

Mkaja sina ugomvi nao sana. Kanga iliyofungwa kwa wastani wakati unatembea inasaidia, hata hospitali kuna mikanda ya tumbo. Shida ni ule mkazo wa mtu mwingine kuvuta huku amekuwekea goti. Ukishindwa kuvuta pumzi mpaka chini kabisa, umekazwa mno. Ukilala, ufunguliwe, na ikilowa jasho ibadilishwe. Desemba ya Moshi ina joto na kidonda hakipendi unyevu.

Ushauri wangu, usimjibu wewe. Mume amwambie mama yake kwamba sista kakataza, lawama nibebe mimi, kisha ampe kazi kubwa zaidi: mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Hakuna mtu mwenye uzoefu wa Kibosho atakayenuna ukimkabidhi mkungu wa mshare na mifupa ya ng'ombe.

Huo mtori nao una maana yake kitabibu. Umetoka damu miaka mitatu, kisha operesheni. Angalia kwenye karatasi ya kuruhusiwa wameandika damu yako ni ngapi; mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Kama upo chini, na nadhani upo, nyama ya ng'ombe, maini na vidonge vya kuongeza damu ndio chakula chako cha sikukuu. Ila kuna kosa la kila nyumba: kumeza kidonge cha damu na kushushia kwa chai. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Meza kwa maji, kula chungwa au embe (msimu wake ndio huu), na chai iwe saa moja au mbili baadaye. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni vidonge. Kikiwa kigumu, hapo ushughulike, maana kujikamua chooni ni sawa na kubeba ile ndoo. Papai, mboga za majani, maji mengi, na ikipita siku tatu bila choo tafuta dawa ya kulainisha. Nyama ya kuchoma utakula, kidogo na iliyoiva. Tumbo lililokaa siku nyingi bila kufanya kazi halitaki kushtukizwa na nusu ya mbuzi.

Mbege. Najua ni ndizi na ulezi, najua ni "chakula", nimeambiwa hivyo na wazee wengi. Ni pombe. Swali ni dawa gani umepewa. Ukiwa bado unameza metronidazo (ile antibayotiki ya Flagyl), hata kata moja inaweza kukuletea kutapika, mapigo ya moyo kwenda mbio na uso kuwaka moto, kwa hiyo subiri angalau siku tatu baada ya kidonge cha mwisho. Ukiwa unatumia tramado kwa maumivu, usichanganye kabisa: vyote viwili vinalaza ubongo na vinapunguza kasi ya kupumua. Maumivu ya siku ya kumi na nne kwa kawaida yanatosheka na parasetamo, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Diklofenaki kama umeandikiwa, baada ya chakula. Mpokee mama kata yake kwa mikono miwili, gusisha mdomo kwa heshima, mpe mume wako.

Kuna kitu hukuuliza. Krismasi ya kimya ina hatari ya kukaa kwenye kochi tangu asubuhi mpaka usiku. Baada ya operesheni kubwa damu huganda kirahisi kwenye mishipa ya miguu, na hatari hiyo inaendelea kwa wiki kadhaa. Kila saa inuka, tembea mpaka getini urudi, kunywa maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au ukibanwa na kifua na kukosa pumzi ghafla, usisubiri sikukuu iishe.

Ukeni unaweza kuona matone ya damu ya kahawia siku hizi, nyuzi za ndani zinapoanza kuyeyuka. Ni kawaida. Damu mbichi inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, harufu mbaya, homa ya 38 au zaidi, au wekundu unaotambaa kuzunguka mshono, hivyo si kawaida. Tendo la ndoa mpaka wiki sita zipite na daktari awe amekukagua. Na kama kuna mtu atakunong'oneza kwamba mwanamke asiye na kizazi si mwanamke tena, soma ile karatasi: ikiwa ovari zimeachwa, homoni zako ziko pale pale. Ulichoaga ni hedhi, na kwa miaka mitatu uliyopitia sidhani kama utaililia.

Tarehe 25 na 26 zote ni mapumziko, kliniki za kawaida zinafungwa, ingawa dharura, iwe hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, hailali. Nunua dawa na gozi la kufungia kidonda tarehe 23. Weka namba ya dereva wa teksi unayemwamini kwenye simu ya mume, siyo yako.

Kibosho utapanda Pasaka. Hata ikiwahi vipi, Machi 22, utakuwa umepita wiki 14, na mama mkwe akikupa ndoo ya maji umbebee, utaweza.