Kuurudisha mpira mweupe kwenye pool
Unauliza kwa nini kwenye pool, mchezo wa mezani wa kupiga mipira kwa fimbo, mpira mweupe haurudi nyuma ukishagonga mwingine, hata ukipiga kwa nguvu. Nguvu unazo za kutosha, ndugu. Haurudi kwa sababu unaupiga karibu na kati. Shusha ncha ya fimbo chini ya kitovu cha mpira, ila usivuke nusu ya umbali wa kutoka kitovuni hadi ukingoni. Ukizidi hapo ncha inateleza hata ukipaka chaki. Fimbo ilale kadiri inavyowezekana, mkono wa nyuma ushike kwa ulegevu, na ncha ipitilize pale mpira ulipokuwa badala ya kuivuta nyuma ghafla. Wengi hukaza mkono dakika ya mwisho, ncha inapanda, wanapiga katikati bila kujua.

Mpira huondoka ukizunguka kinyumenyume huku ukiteleza juu ya kitambaa, na msuguano unaula mzunguko huo njiani. Kwa hiyo anza na mpira ulio karibu, kama sentimita 30, ulionyooka kabisa na mweupe na shimo, kisha ongeza umbali taratibu. Kwenye meza za sarafu, zile unazotumbukiza sarafu ili ucheze, kagua kwanza mpira mweupe wenyewe: ukiwa mzito kuliko mingine, kuurudisha ni kazi hata kwa fundi.