Fremu ya zamani, tairi za 45: ushauri wangu

Umesema una fremu ya zamani ya chuma na unataka tairi za milimita 45 ili baiskeli moja ipige lami na changarawe. Poa, ila kabla hujanunua kitu pima nafasi kwenye uma wa mbele na kule nyuma karibu na kranki (mkono unaoshika pedeli), tairi ikishajaa upepo inatakiwa ibaki kama milimita 5 kila upande, maana tope na vijiwe vikinasa hapo vinakwangua rangi mpaka chuma, yangu ina alama hadi leo. Mimi ningeweka 40 tu.

Na upepo usijaze mpaka tairi iwe jiwe jamani, kwa mtu wa kilo 70 hivi anza na psi 40 (psi ni kipimo cha upepo kwenye pampu) halafu shusha kidogo kidogo mpaka mikono iache kufa ganzi, ukisikia rimu inagonga mawe ujue umepitiliza. Pedeli ya kushoto inafunguliwa kwa kufuata mshale wa saa (nilining'inia kwenye spana nusu saa ndo nikakumbuka). Hesi zote paka grisi. Gia ya mbele moja inatosha, nyuma ndo utafute kubwa ya kupandia vilima.