Wasomaji Wanauliza: Mabawa ya Balrog, Majoka Yanayosema na Mtama Penye Kuku Wengi

*Safari hii barua zote zinahusu riwaya za fantasia. Nyingi zimetoka kwenye makundi ya wasomaji yaliyogombana, na karibu kila ugomvi una dawa moja: kurudi kitabuni na kutaja sura.*

Kundi letu limegawanyika pande mbili kwa sababu ya Balrog wa Moria, yule kiumbe wa kivuli na moto katika The Lord of the Rings ya Tolkien. Nusu wanasema ana mabawa, nusu wanasema hana. Tuamulieni.
*Mbishi wa Darajani*

Chukueni The Fellowship of the Ring (1954), juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings. Fungueni kitabu cha pili ndani yake, sura ya tano, pale kwenye daraja la Khazad-dûm, na mmoja wenu awasomee wengine kwa sauti, polepole. Tolkien anataja mabawa mara mbili, na ugomvi wenu wote umelala katikati ya mara hizo mbili.

Mara ya kwanza Balrog linasimama kumkabili Gandalf, mzee mwenye uwezo wa ajabu, na kivuli kilicholizunguka kinatanuka kama mabawa mawili makubwa. Neno la kushika hapo ni "kama". Aya chache baadaye linakanyaga daraja, linajinyoosha hadi kuwa refu la kutisha, na mabawa yake yanaenea kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Hapo "kama" haipo tena.

Upande wa hapana unasema tashbihi ikishawekwa haina haja ya kurudiwa, kwa hiyo mabawa ya pili ni kile kile kivuli cha kwanza. Upande wa ndiyo unajibu kwamba mwandishi mwangalifu vile, kama alikusudia kivuli, angeandika kivuli. Hoja zote mbili zina miguu. Isiyo na miguu ni ile inayopendwa kuliko zote: eti lingekuwa na mabawa lingeruka, lisingetumbukia shimoni. Mbuni ana mabawa na haruki.

Wapo wanaoleta ushahidi wa Morgoth's Ring, kitabu cha maandishi ya Tolkien kilichochapishwa mwaka 1993, ambamo Mabalrog yanapita juu ya nchi ya Hithlum kwa kasi ya mabawa. Lakini katika The Silmarillion ya mwaka 1977, iliyohaririwa na mwanawe Christopher, tukio lilo hilo limo bila maneno hayo. Tena "kasi ya mabawa" inaweza kuwa sifa ya mwendo tu, bila kuhusu mwili. Ukipima ushahidi, tanguliza maandishi aliyoyachapisha mwandishi akiwa hai, zifuate barua zake, kisha rasimu zilizotolewa baada ya kifo chake. Filamu haina nafasi kwenye mizani hiyo, maana picha ni uamuzi wa mchoraji.

Sisi tunasimama upande wa kivuli chenye umbo la mabawa, kwa sababu kiumbe chenyewe kinaelezwa kwa kivuli na moto tangu kinapotokea. Anayesoma kinyume chetu akiwa na ukurasa mkononi tunamheshimu.

Nina hakika nimewahi kusoma katika The Hobbit kwamba Gollum, yule kiumbe wa pangoni, alimwahidi Bilbo, shujaa wa kitabu, ile pete kama zawadi. Wenzangu wanasema nimeota.
*Msomaji wa Zamani*

Hukuota. Katika toleo la kwanza la The Hobbit, la mwaka 1937, sura ya tano, zawadi ya ushindi katika vitendawili ilikuwa pete yenyewe. Gollum alipoikosa mahali alipoificha aliomba radhi, akamwonyesha Bilbo njia ya kutokea badala yake. Baadaye Tolkien, akiwa anaandika kitabu kilichofuata, The Lord of the Rings, aliona kwamba pete yenye nguvu ile haiwezi kuahidiwa kirahisi na aliyekwisha kutawaliwa nayo. Sura ikaandikwa upya, na toleo la 1951 ndilo lililoleta Gollum tunayemjua, yule anayepiga kelele za mwizi. Simulizi la zamani halikutupwa: liligeuzwa kuwa uongo aliowaambia Bilbo wenzake. Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya sura hiyo, kila mtu afungue kurasa za mwanzo za nakala yake atazame ni toleo gani.

Tuko kumi na wawili tunaosoma The Lord of the Rings pamoja na kujadiliana kwa simu. Kila wiki kuna anayetoboa siri ya mbele, na tayari watatu wamejitoa. Tufanyeje?
*Mratibu Aliyechoka*

Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, na kundi la watu kumi na wawili wenye kasi tofauti ni kuku wengi. Anzeni na hesabu. Riwaya nzima ina sura 62: juzuu ya kwanza 22, ya pili 21, ya tatu 19. Sura tatu kwa wiki ni wiki 21, na hiyo ni kasi ambayo mtu mwenye kazi na watoto anaimudu. Sura tano kwa wiki huvutia mwanzoni, ila anayeachwa nyuma wiki mbili huwa hana njia ya kurudi, na ndiye anayejitoa.

Hesabuni kwa sura, kamwe si kwa kurasa. Ukurasa wa 300 wa nakala moja unaweza kuwa katikati ya sura nyingine kabisa kwenye nakala ya jirani, na siri nyingi hutoboka hivyo bila mtu kukusudia. Kila ujumbe uanze na mahali ulipofika, kwa mfano "Kitabu cha III, sura ya 4", kisha achia mistari kadhaa mitupu kabla ya maoni, ili asiyefika aweze kuupita bila jicho kudaka jina la aliyekufa. Mjadala wa sura za wiki ufunguliwe siku moja inayojulikana, na waliokwisha kumaliza wawe na chumba chao pembeni.

Hatari kubwa iko juzuu ya pili, The Two Towers. Nusu yake ya kwanza, sura 11, inawafuata Aragorn na wenzake bila kusema alipo Frodo, mhusika anayebeba pete. Nusu ya pili, sura 10, inamfuata Frodo na Sam na kuwaacha wale wengine kabisa. Msomaji mpya akifika sura ya saba hivi hawezi kujizuia kuuliza Frodo yuko wapi, na msomaji mkongwe hawezi kujizuia kumjibu. Waonyeni wote wiki moja kabla ya kuianza.

Wanaorudia kitabu wakatazwe pia maneno ya "subirini mtaona". Ukimwambia hivyo mtu anayemlilia mhusika aliyetoweka, umeshamwambia kwamba atarudi. Nyongeza za mwisho wa juzuu ya tatu zisifunguliwe mapema, hasa Nyongeza B, kwa kuwa ni orodha ya miaka inayosema nani aliishia wapi. Na jina la juzuu hiyo, The Return of the King, lenyewe linatoa siri. Tolkien alilalamikia jambo hilo, akapendelea The War of the Ring. Hilo hamwezi kulizuia.

Riwaya niliyomaliza juzi inaisha kwa shujaa kuokolewa na uchawi ambao haukutajwa popote kabla. Nilipolalamika niliambiwa, "Hii ni fantasia, lolote linawezekana." Ni kweli?
*Niliyehisi Kuibiwa*

Si kweli, na una haki ya kulalamika. Mwaka 2007 mwandishi wa fantasia Brandon Sanderson aliandika kanuni ambayo wapenzi wa fantasia wanaitumia mpaka leo: uwezo wa mwandishi kutatua tatizo kwa uchawi unakwenda sambamba na kiasi ambacho msomaji anauelewa uchawi huo. Kanuni hiyo haidai kila kitu kifafanuliwe. Inadai kwamba ufunguo wa mlango wa mwisho uwe umeonyeshwa mapema.

Tazama alivyofanya mwenyewe katika Mistborn (2006). Mtu mwenye kipaji humeza vipande vidogo vya madini, kisha huyachoma tumboni kupata nguvu. Chuma kinavuta vitu vya metali, feleji inavisukuma, na msukumo hupita kwenye mstari ulionyooka kutoka katikati ya mwili. Uzito ndio unaoamua nani asogee. Ukiisukuma sarafu iliyo hewani, inaruka. Sarafu ile ile ikiwa imelala sakafuni haina pa kwenda, kwa hiyo unaruka wewe. Na madini yakiisha tumboni, nguvu imeisha, hata kama uko juu ya mnara. Msomaji aliyeshika hayo akiona mapigano anajua kwa nini mtu ameshinda, na anaweza kubisha iwapo mwandishi amekiuka.

Uchawi usioelezwa nao una heshima yake. Gandalf hatuambiwi ana uwezo kiasi gani, na hilo ndilo linalomfanya awe wa kustaajabisha. Lakini mzigo mkubwa wa hadithi ile haubebwi na uchawi wake: unabebwa kwa miguu, na watu wadogo wenye njaa. Katikati yupo Ursula K. Le Guin na visiwa vyake vya Earthsea, ambako nguvu hutoka kwenye kujua jina la kweli la kitu, na anayebadili hali ya hewa hapa huenda ameivuruga pengine. Hakuna jedwali la madini huko, ila gharama ipo na unaiona ikilipwa.

Kwa hiyo kwenye kundi usiseme tu "mwisho mbaya". Uliza uchawi ule ulionekana sura ipi kwa mara ya kwanza, unamgharimu nini anayeutumia, na kwa nini hakuutumia katika hatari iliyotangulia. Mwandishi akishindwa swali la tatu, kwa kawaida ameshindwa kitabu.

Tunajadili kwa Kiswahili, na tunakwama kwenye majina. Mchawi? Zimwi? Mbilikimo? Tuwaite nini viumbe hawa?
*Mpenda Lugha*

Swali lako ndilo tulilolipenda kuliko yote. Tuanze na "mchawi", maana ndilo linaloharibu zaidi. Kwa Kiswahili mchawi anadhuru, sawasawa na mlozi na mwanga. Ukisema "mchawi Gandalf", msikilizaji asiyejua kitabu anashika roho. Tolkien aliwaita watu hawa pia Istari, neno la lugha yake ya kubuni lenye mzizi wa kujua, kwa hiyo "mjuzi" linakaa vizuri. "Mchawi" mwachieni adui.

"Mbilikimo" liacheni, kwa sababu ni jina wanaloitwa binadamu halisi. Wale wachimba migodi wa Tolkien (kwa Kiingereza dwarves) wana jina lao wenyewe, Khazâd, na "Wakhazadi" linatamkika. Kwa viumbe wa msituni wasiozeeka (kwa Kiingereza elves), wengine wameandika "elfu", na matokeo yake ni kwamba "elfu kumi walivuka mto" haijulikani kama ni kumi au ni jeshi zima. Sema mwelfi, waelfi. "Jini" lisitumike hapo. Lina maana yake katika dini na katika hadithi zetu, na halijakaa wazi likingoja kupangishwa.

"Joka" ni nyoka aliyekuzwa, kwa hiyo msomaji anaona chatu mnene asiye na miguu wala mabawa. Mara ya kwanza andika "joka lenye mabawa" na baada ya hapo atakufuata. Sasa njoo kwenye upatanisho. Sarufi inataka kiumbe hai achukue a-, lakini methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kwa vitu vikubwa vya kutisha ulimi unapenda li-. Tumieni tofauti hiyo kwa makusudi. Joka linalounguza mji bila neno, "lilishuka, likachoma". Joka la Earthsea, ambalo lina jina na linajadiliana na binadamu kwa lugha ya kale, likianza kusema geuza: "akajibu, akacheka". Herufi moja imemtoa kwenye unyama ikamfanya mhusika. Ndiyo sababu katika jibu letu la kwanza Balrog limesimama kwa li-: halisemi neno hata moja.

Kuhusu majina ya watu na mahali, Tolkien aliandika mwongozo kwa wafasiri, uliochapishwa mwaka 1975. Kwa ufupi: jina lililotungwa kwa Kiingereza chenye maana wazi lifasiriwe, lililo katika lugha zake za kubuni liachwe. Mirkwood iwe Msitu wa Giza, Treebeard awe Ndevu za Mti. Gondor na Moria zibaki zilivyo.

Narnia, Earthsea na Discworld: nianze kitabu gani?
*Mgeni Mlangoni*

Narnia ianze na The Lion, the Witch and the Wardrobe (1950), hata kama nakala yako imepewa namba 2. Namba za sasa zinafuata mpangilio wa matukio, na C. S. Lewis mwenyewe aliwahi kumwandikia mtoto mmoja kwamba anaukubali. Lakini kitabu cha 1950 kinamwambia msomaji kwamba hamjui Aslan, simba wa Narnia, kama watoto wale wasivyomjua, na maneno hayo yanakuwa uongo kwa aliyeanza na The Magician's Nephew (1955). Nguzo ya taa katikati ya theluji nayo inapoteza fumbo lake.

Earthsea isome kwa mpangilio wa kuchapishwa, kuanzia A Wizard of Earthsea (1968). Usiruke Tales from Earthsea kabla ya The Other Wind, vyote vya 2001, kwa kuwa hadithi ya mwisho ya mkusanyiko huo ndiyo daraja la kuvukia.

Discworld ya Terry Pratchett ina riwaya 41, za kuanzia 1983 hadi 2015, na huhitaji kuanzia ya kwanza. Mbili za mwanzo ni hadithi moja iliyokatwa, na mwandishi alikuwa bado anautafuta mkono wake. Chukua Mort, ya nne, au Guards! Guards!, ya nane. Hii ya pili ina joka, na ni joka la a-, maana anasema.